Barua ya wazi kwa wanafunzi wa utafiti wa bahari

Wanangu, assalaam alaykum.

Nawaandikia nyinyi mnaosomea sayansi za bahari, na walimu wenu nao wasikie. Kilimo cha mwani kilianza hapa Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989, nami nimo tangu siku zile. Watafiti tumewapokea wengi, na tunapenda mje. Linalonisikitisha ni kuwa mnafundishwa kupima maji kabla hamjafundishwa kukaa na watu.

Jueni kwanza bamvua, siku za maji makubwa. Mwezi ukiandama, na ukifika kumi na tano, maji hukupwa mbali na sisi tumo shambani baharini tunafunga mbegu, vipande vya mwani, kwenye kamba. Ukitujia saa hizo na karatasi ya maswali, utajibiwa haraka haraka ili uondoke, na majibu hayo ndiyo utakayoyaita data. Njooni maji mafu, siku ambazo maji hayapwi mbali, tukiwa majumbani. Au ingieni majini nasi mfunge kamba mbili tatu, maswali yenyewe yatakujieni.

Kottonii, ule mwani wenye bei nzuri, ulipoanza kuoza na kukatika, sisi tunaoshinda majini tuliona maji yamekuwa moto. Dk. Flower Msuya, wakati ule akiwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, akajaribu pamoja na wakulima kupanda kwenye nyavu za mirija, yaani nyavu ndefu zenye umbo la bomba, penye kina kirefu na maji ya baridi kidogo. Hapo ndipo lilipo jambo ambalo maabara haiwezi kukwambia: wanawake wengi hatujui kuogelea, na vyombo vya baharini hatuna. Utafiti usiojua hilo utatoa dawa tusiyoweza kuifikia.

Barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa hapa kijijini, inakuruhusuni kuingia kijijini tu. Idhini ya mwenye shamba ni yake mwenyewe, naye ana haki ya kukataa.

Nanyi walimu, wekeni nauli ya kurudi katika bajeti ya kila mwanafunzi. Asikabidhi tasnifu kabla hajakaa nasi, akatusomea kwa Kiswahili alichokipata, hata kama jaribio limeshindwa. Kuna kijana alichukua sampuli, akaahidi kurudi. Mpaka leo hatujui mwani wetu ulikutwa na nini, na mbegu ile ile tunaendelea kuipanda.

Anayeanza mwaka huu aje kabla hajaandika pendekezo lake. Tutamwambia tunalotaka kujua sisi: kwa nini spinosamu, ule mwani wetu mwingine, nayo inakatika wakati wa kaskazi, na mbegu ipi itavumilia joto hili.

Bibi yenu, mkulima wa mwani, Paje