Visanduku vinne: barua kwa mwalimu mwenzangu

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, mimi sijambo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimefurahi sana kusikia kwamba umekubali kufundisha kipindi cha muziki, ijapokuwa unasema hujui kupiga ala yoyote wala kusoma noti. Hilo lisikutie hofu. Kazi uliyopewa ni kuwawezesha wanafunzi kutunga midundo mifupi na kuipiga mbele ya wenzao, na kwa kazi hiyo mikono, miguu na sikio lenye subira vinatosha kabisa.

Kabla ya jambo lolote, watenganishie pigo na mdundo. Pigo ni ule mwendo usiobadilika, kama hatua za mtu anayetembea bila haraka, ilhali mdundo ni mpangilio wa sauti ndefu, sauti fupi na kimya unaokaa juu ya hatua hizo. Mimi huikabidhi miguu pigo, na mikono mdundo. Wanafunzi husimama na kukanyaga papo hapo, kushoto na kulia, kwa mwendo wa mapigo 80 hivi kwa dakika, na hatuanzi kupiga makofi mpaka miguu ya darasa zima isikike kama ya mtu mmoja. Zoezi hili lina asili inayoheshimika. Émile Jaques-Dalcroze, aliyefundisha katika chuo cha muziki cha Geneva, aliwaona wanafunzi wake wakiujua muziki kwenye karatasi bila kuuhisi, ndipo akajenga ufundishaji wake juu ya mwendo wa mwili. Utaona mwenyewe kwamba watoto wakifurahi huongeza kasi. Usiwakemee; simama mbele yao, ukanyage nao, na mwendo utarudi.

Baada ya hapo chukua maneno, kwa sababu lugha yetu imekwisha kukufanyia nusu ya kazi. Neno "la" lina silabi moja, basi ni kofi moja katika pigo moja. Neno "sawa" lina silabi mbili, basi ni makofi mawili yanayogawana pigo hilohilo. Waambie wakanyage huku wakisema "la, la, sawa, la", kisha wapige makofi wakiendelea kusema, kisha waache kusema na wabaki na makofi peke yake. Hapo watakuwa wameupiga mdundo wao wa kwanza. Usishangae wakianza kubishana. Katika darasa langu mwanafunzi mmoja alishikilia kwamba "mti" ni kofi moja, mwenzake akamwambia aliseme polepole, na alipolisema polepole midomo yake ilifumba kwa "m" na kufumbuka kwa "ti", akanyamaza, kisha akapiga makofi mawili.

Neno "tafadhali" lenye silabi nne linavutia, maana linajaza pigo moja kwa makofi manne ya haraka, lakini ninakushauri usilianze mapema. Mkazo wa maneno yetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "sawa" mkazo uko kwenye "sa", mahali palepale mguu unapokanyaga, kwa hiyo mkono na mguu husaidiana. Katika "tafadhali" mkazo uko kwenye "dha", nusu ya pigo imekwisha kupita, na mtoto ambaye miguu yake haijatulia huvutwa na mkazo huo hadi akadhani pigo linaanzia hapo. Liache kwa wiki kadhaa. Litakapofika wakati wake, tatizo hilohilo litakuwa somo zuri la mkazo unaoangukia kati ya hatua mbili.

Maneno yakishazoeleka, yabadilishe yawe "ta" kwa kofi moja na "ti-ti" kwa makofi mawili. Silabi hizi zina chimbuko lake Ufaransa katika karne ya 19, kisha zikaenea sana kupitia mfumo wa ufundishaji unaohusishwa na Zoltán Kodály, mtunzi wa muziki wa Hungaria. Faida yake ni kwamba huandikika kwa urahisi: kijiti kimoja kilichosimama ni "ta", na vijiti viwili vilivyounganishwa juu ni "ti-ti". Mwanafunzi anayeandika hivyo tayari anaandika noti, hata kama hujamtajia neno hilo.

Sasa nifike kwenye kutunga kwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza niliwaambia wanafunzi, "Tungeni mdundo wowote mnaoutaka," nikidhani ninawapa uhuru. Wengi walikodoa macho, na wachache waliojaribu walitoa kelele ambazo wao wenyewe hawakuweza kuzirudia. Kosa lilikuwa langu. Siku hizi ninachora visanduku vinne mfululizo, kila kimoja pigo moja, na ninaruhusu vitu vitatu tu: ta, ti-ti, na kimya. Usidhani ni kidogo. Kila kisanduku kikiwa na njia tatu, mistari inayowezekana ni 81, hivyo darasa zima laweza kutunga bila wawili kulingana. Mtoto aliyewekewa mipaka hiyo huanza kuchagua: je, nianze na ti-ti au niihifadhi kwa ajili ya mwisho? Akishajiuliza hivyo, ameanza kutunga.

Katika vitu hivyo vitatu, kimya ndicho kigumu zaidi, na ndicho ninachokuomba ukitunze kuliko vingine. Mwanafunzi wangu mmoja mtulivu sana aliandika ta, kimya, kimya, ti-ti. Darasa lilipojaribu kuupiga, kila mtu aliruka kimya cha pili na kuingia mapema, kana kwamba mahali pasipo na sauti hapana urefu. Tulijaribu mara tatu tukashindwa. Ndipo nikawaambia kwamba kila penye kimya wafungue viganja na kuvielekeza juu, miguu ikiendelea kukanyaga. Safari hiyo viganja vilifunguka mara mbili, miguu ikasikika peke yake kwa mapigo mawili, kisha ti-ti ikaanguka mahali pake kwa pamoja. Yule mtunzi alikuwa amesimama pembeni akihesabu kwa midomo bila kutoa sauti, na ilipoanguka ile ti-ti alicheka kwa furaha. Tangu siku hiyo hawakuona tena kisanduku cha kimya kuwa kisanduku kitupu.

Kuhusu kuwasilisha, nina sharti moja ambalo silegezi: mtunzi hapigi kazi yake kwanza. Humpa karatasi mwenzake ambaye hajausikia mdundo huo, naye mtunzi hukaa kimya akisikiliza. Msomaji akikosea, tunaitazama karatasi kabla ya kumlaumu mtu, na mara nyingi tunakuta vijiti havikuunganishwa au kisanduku kimoja kimesahauliwa. Marekebisho ya namna hiyo huwafundisha uandishi kuliko maelezo yangu. Baadaye gawanya darasa pande mbili, upande mmoja ukirudia mstari mmoja bila kukatiza na mwingine ukirudia mwingine, na uwaache wasikilize jinsi kimya cha upande huu kinavyojazwa na kofi la upande ule. Ukiwaona wanakazana kushindana kwa nguvu za makofi, waambie wapige kwa vidole viwili juu ya kiganja, watalazimika kusikilizana.

Alama za mtihani zisikusumbue sana. Mimi huangalia kama miguu haikuyumba, na kama mwanafunzi anaweza kuupiga mstari wake mara mbili bila kuubadilisha.

Nina ombi dogo. Wanafunzi wako watakapotunga mistari yao ya kwanza, chagua mmoja, uniandikie visanduku vyake vinne katika barua ijayo bila maelezo yoyote. Nitasimama hapa chumbani niukanyage na kuupiga, kisha nikueleze nilichokisikia, nawe umuulize mtunzi kama ndicho alichokikusudia.

Wako akupendaye,

Rafiki yako