Kwa wale ambao majina hayakutoka

Wadogo zangu, habari za jioni. Tangu orodha ya waliokubaliwa kusoma udaktari ibandikwe, kikundi chetu kimenyamaza, na najua sababu. Mwaka wangu wa kwanza wa kujaribu nilisimama mbele ya ile valve, ubao wa matangazo, kidole kikishuka jina kwa jina mara tatu, nikidhani nimejiruka. Nilirudi nyumbani Kadutu kwa miguu. Mama aliniona tu, akaniwekea chakula bila kuuliza. Nililia siku mbili. Kwa hiyo asiambiwe mtu humu kwamba analia bure.

Walio kwenye orodha ya kungoja: msizime simu, na msikae nyumbani mkingoja kuitwa. Nendeni wenyewe aparitora, ile ofisi ya kuandikisha wanafunzi, muulize kwa heshima kama nafasi imefunguka. Bulletini za shule, diploma ao atestesheni, picha, vyote viwe tayari kwenye faride (jalada) moja. Nafasi hufunguka pale mwenzako anaposhindwa kulipa minervali, karo ya chuo, na anayeitwa hupewa muda mfupi sana.

Waliokataliwa kabisa: Daktari Mukwege wetu, wa hapa Bukavu, yule aliyepata Nobel, alikaa kwanza miaka miwili politekniki (uinjinia) Kinshasa. Udaktari aliuanza 1976, Burundi. ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, pia iko, ama biolojia, ama kurudia konkuru, ule mtihani wa kuingia.

Jumamosi saa nane tuonane Nyawera, mje na karatasi za maswali ya kemia. Asiyetaka kuongea mbele ya wengine aniandikie pembeni, hata usiku.

Yaya wenu