Salamu za Idi, na fainali iliyosimama tatu kwa tatu

Assalamu alaikum ndugu zangu, mama zangu, ami zangu na wadogo zangu wote wa uwanja wetu wa tenisi.

Naandika haya usiku wa kuamkia mwezi 29 Ramadhani. Nimetoka tarawehe, na hapa chini ya nyumba, Kibokoni, Mombasa, watoto wamekaa barazani wanabishana kama mwezi utaandama kesho au tutatimiza 30, na kila mmoja anahesabu atapata mkono wa Idi kiasi gani wa kupandia pembea Makadara. Uandame kesho, uandame keshokutwa, salamu zangu ni zilezile: Idi Mubarak, kullu aam wa antum bikheir. Mungu azitakabali swaumu zetu na aturudishe tena mwakani tukiwa wazima. Na ninyi wenzetu Wakristo, ambao Kwaresima yenu mwaka huu iliingia wiki moja na mfungo wetu, nawaombea mfike Pasaka, tarehe 5 Aprili, kwa afya na furaha.

Ligi yetu ya kaskazi tuliianza Desemba, upepo huo wa kaskazini-mashariki ukiwa umeshika, tukitaraji kumaliza kila kitu, pamoja na mashindano ya ndani, kabla ya Ramadhani. Haikuwa. Mwezi wa pili nguzo ya wavu, ile ya upande wa baharini, ilikatika chini kwa kutu. Chumvi ya bahari hii hula chuma bila mswalie Mtume. Tukangoja fundi, siku zikakatika, na robo fainali zikaangukia kumi la mwanzo la Ramadhani.

Hapo ndipo nilipokosea, na Idi ndiyo siku ya kutakana radhi. Ratiba naiandika mimi. Kwa pupa ya kufidia wiki zilizopotea nilipanga mechi mbili saa tisa alasiri, watu wamefunga, na jua la majira haya mnalijua: mchana kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Dada yetu mmoja alicheza seti mbili midomo imemkauka mpaka ikapasuka, na hakunambia neno. Niliambiwa na watu baadaye. Dada yangu, na wewe uliyecheza naye, niwieni radhi. Nilitakiwa kuuliza kabla ya kuandika. Tangu siku ile mechi zote tulizihamisha saa kumi na moja jioni. Mwenye kufunga anaijua saa ile ya mwisho kabla ya magharibi. Hata kama nguvu zimekwisha, moyo umetulia kwa sababu maji hayako mbali.

Kuna mtu ambaye hayumo kwenye kundi lolote la ligi, na msimu huu usingekuwapo bila yeye. Ni mzee wetu wa uwanja. Asubuhi ya mechi, wengi wetu tumerudi kulala baada ya daku, yeye keshafungua bomba. Udongo wetu mwekundu ukikauka hupasuka ukawa vumbi, na ukizidi maji huteleza, kwa hiyo humwagia kidogo kidogo, akangoja unywe. Kisha hukokota gunia la katani lililopigiliwa kwenye ubao, akizunguka kutoka nje kuja ndani, mpaka nyayo zote za jana zifutike. Halafu kamba. Huifunga kigingi kwa kigingi, mita 23.77 za urefu wa uwanja, huikaza, huivuta juu kwa vidole viwili na kuiachia ipige udongo iache alama, ndipo apite na debe la chokaa. Siku moja nilimkuta amefuta mstari mzima wa nyuma anauchora upya kwa kuwa ulipinda upana wa kidole. Nikamwambia, mzee, hakuna atakayeona. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mpira utaona, mwanangu."

Nililikumbuka neno lile siku ya nusu fainali. Ligi yetu haina waamuzi, kila mmoja huamua mipira ya upande wake. Seti ya tatu siku ile tulikubaliana iwe taibreki, yaani anayetangulia kufika pointi 10 kwa tofauti ya mbili, na ilikuwa 9-8. Mpira ukaanguka pembeni kabisa, mpokeaji akasema "nje", na sisi tuliokaa benchini tukapumua tukijua sasa ni sare. Yeye akasogea, akainama, akaitazama ile alama kwenye udongo. Ncha yake ilikuwa imegusa chokaa. Akainua mkono: "Ndani. Mechi yako, kaka." Akaenda kwenye wavu kutoa mkono. Nimekaa na tenisi ya mji huu miaka mingi na sikumbuki mechi iliyonipa fahari zaidi ya ile.

Kwa wasichana wetu wadogo nina furaha ya pekee. Mwaka huu wamekuja wengi kuliko wakati wowote ninaoukumbuka, na ukiwauliza wanataka kuwa nani, jibu ni moja: Angella Okutoyi. Hawajasahau kwamba mwaka 2022 msichana wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake, alitwaa ubingwa wa Wimbledon wa vijana, wasichana wawili wawili, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Wala kwamba mwaka 2024 alileta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra. Mmoja wao, wa miaka 11, anaokota mipira kwenye mechi za wakubwa na raketi ya kuazima ameibana kwapani, asije akaichukua mwingine. Mkono wa Idi wa klabu mwaka huu unakwenda kwa watoto wanaotuokotea mipira. Raketi zimeshafungwa nyuzi mpya. Msiwaambie, tafadhali.

Sasa fainali. Waliofika ni fundi wetu wa mashua kutoka Mtongwe, ambaye hafichi kwamba ana wajukuu, na kijana wa Tudor anayesoma chuo. Mzee amefunga. Kijana ni Mkristo, hana mfungo wa maji, na alikuja na chupa mbili. Nilikuwa nimekaa karibu na begi lake. Mapumziko ya kwanza ya kubadilishana upande aliitoa chupa, akamtazama mzee aliyejifunika shingo kwa kitambaa kilicholowa, akairudisha begini na kufunga zipu. Hakuifungua tena mpaka mwisho. Hakuna aliyemwomba, na sidhani kama mzee alijua. Sasa atajua.

Mzee alichukua seti ya kwanza 6-4 kwa mipira yake ile mifupi inayokufa mbele ya wavu. Kijana akarudisha 7-5. Seti ya tatu ilipofika tatu kwa tatu, saa kumi na mbili na nusu ilikuwa inakaribia, mpira umekuwa mwekundu kama udongo wenyewe, na sisi hatuna taa. Kijana akasogea wavuni: "Mzee, tuendelee?" Mzee akatazama juu. "Tuache, mwanangu. Adhana hii hapa." Tukakaa palepale kwenye udongo, kando ya wavu, tende zikapita mkono kwa mkono, wa kufunga na wa kutofunga, viazi karai na maji ya ukwaju vikafuata. Kijana alikunywa chupa zote mbili.

Kanuni ni kwamba mechi iliyosimama huendelea pale pale ilipoachwa: hesabu ileile, mwanzishaji yuleyule, kila mtu upande wake. Nimeandika daftarini: 6-4, 5-7, 3-3, gemu ya saba, kijana anaanzisha kutoka kusini. Tutamalizia Jumapili ya kwanza baada ya Idi, saa kumi na nusu jioni, inshallah. Njooni na wazee wenu, njooni na watoto wakiwa na nguo zao za Idi. Mbaazi na mahamri vitakuwapo, halua nimeshaiagiza, kahawa chungu ataileta mzee wa Mtongwe mwenyewe. Kila kitu tutakikuta kama tulivyokiacha, labda upepo tu. Jioni ile kijana alikuwa akianzisha kuelekea kaskazi, mpira ukimrudia. Na kaskazi, kama mlivyoona wiki hii, imeanza kulegea.