Beed ilihesabiwa wenyewe wakiwa kwenye miwa

Mhariri, salamu.

Makala yenu kuhusu vijiji vya India nimeisoma mpaka mwisho na sina ugomvi na namba zenyewe, zimenukuliwa sawasawa. Wilaya ya Beed, jimbo la Maharashtra, sensa ya 2011, watu 2,585,049, kutoka 2,161,250 mwaka 2001, na karibu wanne katika kila watano wanaishi vijijini. Haya. Ila kuna kitu mmekiruka, hamkusema watu hao walihesabiwa mwezi gani, na kwa Beed ukisharuka mwezi umeruka habari yote.

Sensa ile ilihesabu watu kuanzia tarehe 9 hadi 28 Februari 2011. Sasa Februari vijiji vya Beed unamkuta nani? Wazee, watoto walioachiwa bibi zao, na wale wachache wenye shamba lenye maji. Wengine wako kukata miwa. Wanaondoka baada ya Dussehra, sikukuu ya Kihindu ya kama Oktoba, au wakisubiri sana mpaka Diwali ipite, mume na mke na mara nyingi watoto na mbuzi na masufuria juu ya trekta, wanaenda Kolhapur, Sangli, Satara, wilaya za magharibi mwa jimbo hilo hilo, wengine wanavuka kabisa hadi jimbo la jirani la Karnataka, na kurudi ni Machi au Aprili viwanda vya sukari vikishafunga msimu. Hatuongelei watu mia mbili hapa, ni laki kadhaa za watu kutoka Beed na wilaya za jirani, na Beed ndiyo inatajwa kwanza kila ikizungumzwa kazi hiyo.

Kwanini waende? Mvua. Marathwada, eneo ilipo Beed, iko upande ule ambao milima ya Western Ghats imeshakamua mawingu, kinachobaki ni mvua kidogo na isiyo na ratiba, na pamba, soya, mtama na uwele vyote vinaisubiri hiyo hiyo. Ukame wa 1972 wazee wanausimulia mpaka leo, ukaja wa 2012, ukaja wa 2015, na mwaka 2016 Latur, wilaya ya jirani, ilibidi ipelekewe maji ya kunywa kwa treni. (Na kinachochekesha, kama unaweza kucheka, ni kwamba humo humo Marathwada miwa inalimwa na viwanda vya sukari vipo, zao linalokunywa maji kuliko yote hapo limepewa kipaumbele na wenye visima virefu, hao wengine wanahamia kwenda kuikata ya watu wa mbali.)

Namna kazi yenyewe inavyoendeshwa ndiyo makala yenu ilipita mbio, mkaandika tu "vibarua wa msimu". Huko hawahesabu mtu mmoja mmoja. Mume na mke pamoja ni koyta moja, yaani panga moja, ndiyo jina lake. Mnyapara, wao wanamwita mukadam, anakuja kijijini kabla ya msimu na hela ya kiwanda mkononi, anawapa koyta ile advansi inayoitwa uchal, na hiyo hela inaliwa palepale kwenye deni la dukani, harusi ya binti, mbegu za mwaka uliopita. Halafu wanakwenda kuifidia kwa kukata, malipo ni kwa tani, na msimu ukiisha tani hazijatosha deni linahamia mwaka unaofuata na wewe unahama nalo. Mapema 2024 malipo ya tani yaliongezwa kwa asilimia 34 baada ya mvutano mrefu, sikatai ni nafuu, lakini deni la uchal liko vilevile. Mmoja akiugua siku moja koyta nzima inakatwa hela.

Na hapo ndipo lilipotokea lile jambo la wanawake ambalo mlilipa sentensi moja tu. Mwaka 2019 serikali ya jimbo iliunda kamati, wakahojiwa wanawake wakata miwa 82,309 wa Beed, 13,861 kati yao walikuwa wameshatolewa kizazi. Mmoja katika sita! Wanalala kwenye vibanda vya maturubai pembeni ya shamba, choo hakuna, maji ya kuoga ni bahati, ukiwa kwenye siku zako unakata na kubeba mzigo kichwani vilevile maana ukikaa ni faini, halafu unaenda na maumivu ya kawaida kwa daktari wa binafsi anakuambia kiondoe kizazi upumzike. Wengi walikuwa bado wadogo kabisa.

Sasa rudi kwenye sensa. Utaratibu wa India ni kwamba ukiwa haupo kwako kipindi chote cha kuhesabu unaandikwa pale ulipokutwa. Kwa hiyo mtu wa Beed aliyekaa Kolhapur kuanzia Novemba mpaka Machi, karatasi inamweka Kolhapur, kama karani kafika kwenye hilo turubai, na aliyevuka Karnataka inamweka jimbo jingine kabisa. Hiyo sio hesabu ya kujifurahisha, kwasababu sheria ya chakula ya 2013, ile ya nafaka kilo 5 kwa mtu kila mwezi, mgao wake wa kila jimbo umepigwa kwa idadi ya 2011, sensa ya 2021 haikufanyika, na majimbo mpaka leo yanagawana kwa namba hizo.

(Ile namba yenu ya wasichana 807 kwa wavulana 1,000 wa chini ya miaka saba, iliyokuwa 894 mwaka 2001, msiisingizie miwa, watoto wa kike na wa kiume wanasafiri pamoja. Ile ni mimba za kike kutolewa, na sheria ya kukataza kupima jinsia ya mimba ipo tangu 1994.)

Mtasema tarehe ya sensa ya taifa haiwezi kusogezwa kwa ajili ya wilaya moja. Mbona inasogezwa! Sensa inayofuata imepangiwa usiku wa kuamkia 1 Machi 2027, isipokuwa Ladakh na sehemu zenye theluji za Jammu na Kashmir, Himachal Pradesh na Uttarakhand, hao wamepewa 1 Oktoba 2026 maana kipupwe makarani hawafiki. Theluji imesikilizwa. Msimu wa miwa unajulikana tarehe zake kila mwaka, viwanda vinatangaza vyenyewe, na wangeweza angalau kuongeza swali moja kwenye fomu, miezi sita iliyopita ulilala wapi.

Kwahiyo mkiandika tena kuhusu Beed naomba pembeni ya idadi muweke na mwezi.

Msomaji wenu