Ulaya Kusini si nchi moja, vijana wajue kabla ya kulipa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu vijana wa Tanga wanaojiandaa kwenda kusoma Ulaya, hasa wahitimu wa Kidato cha Sita ambao kila mwaka, matokeo yanapotoka mwezi Julai, huanza kuzungukwa na mawakala. Nina duka la steshenari hapa Ngamiani, na kazi yangu ya kila siku ni kuskani vyeti, kujaza fomu za mtandaoni na kupiga picha za pasipoti, kwa hiyo nyaraka hizi hupita mikononi mwangu kabla hazijafika ubalozini. Ninachokiona ni kwamba kijana huja akijua jina la chuo na ada yake, lakini nchi yenyewe haijui, na wakala naye humwambia tu kwamba anakwenda "Ulaya Kusini", kana kwamba huko kote kuna serikali moja na sheria moja.

Ni kweli kwamba Italia, Hispania, Ureno, Ugiriki na Malta zote zimo katika Umoja wa Ulaya, zinatumia euro na ziko ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Hata hivyo, viza ya muda mfupi ya Schengen humruhusu mgeni kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, wakati masomo ya mwaka mzima yanahitaji viza ya muda mrefu inayotolewa na nchi husika peke yake. Mwenye viza ya masomo ya Italia hawezi kujihamishia chuo cha Hispania kwa sababu tu mipaka iko wazi. Lugha nazo hazifanani. Malta ina Kiingereza kama lugha rasmi pamoja na Kimalta, lakini kwingineko sehemu kubwa ya masomo ya shahada ya kwanza katika vyuo vya umma hufundishwa kwa lugha ya nchi, na Barcelona baadhi ya vipindi huwa kwa Kikatalani, ambacho kijana aliyehangaika na Kihispania hakukitarajia. Kozi za Kiingereza zipo, Italia zinazo nyingi, lakini nyingi kati ya hizo ni za uzamili.

Linalonisikitisha zaidi ni habari ya Kupro. Kisiwa hicho kimegawanyika tangu mwaka 1974, na upande wa kaskazini ulijitangazia dola mwaka 1983, dola ambayo mpaka leo inatambuliwa na Uturuki peke yake. Upande huo una vyuo vingi vinavyotafuta wanafunzi wa Kiafrika kwa ada nafuu, na ndege za kwenda huko hupitia Uturuki. Sheria za Umoja wa Ulaya hazitekelezwi huko, pesa inayotumika ni lira ya Kituruki, na kibali cha mwanafunzi cha upande huo hakimpi mtu ruhusa ya kuingia Ugiriki wala Italia. Simwambii mtu asiende, kwa kuwa wapo wanaosoma huko na kumaliza salama. Ninachosema ni kwamba mzazi aliyeuza shamba Muheza kwa kuambiwa mwanawe anakwenda Umoja wa Ulaya alistahili kuelezwa hayo kabla ya kutoa hata shilingi.

Italia ndiyo inayoulizwa zaidi dukani kwangu, kwa sababu ya ufadhili wa mikoa yake. Ufadhili huo upo kweli: kila mkoa, kati ya 20 ya nchi hiyo, una utaratibu wa kuwasaidia wanafunzi wenye kipato kidogo, wageni wakiwemo, na unaweza kumwondolea mtu ada na kumpa fedha, chakula na nafasi ya kulala. Kinachotazamwa hasa kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni hali ya uchumi wa familia. Hapo ndipo kazi ilipo, maana inabidi zipatikane hati rasmi za idadi ya watu katika familia, kipato na mali zao, zitafsiriwe kwa Kiitaliano na kuthibitishwa. Baba anayevua samaki Deep Sea hana hati ya mshahara, na barua ya serikali ya mtaa peke yake mara nyingi haitoshi, kwa hiyo safari za kufuatilia ofisi mbalimbali zianze mapema. Isitoshe, fedha yenyewe hulipwa kwa awamu, na ya kwanza mara nyingi huja miezi kadhaa baada ya masomo kuanza, nayo kodi ya chumba haisubiri.

Vyuo vya Italia humtaka mwombaji wa shahada ya kwanza awe amesoma si chini ya miaka 12. Mhitimu wetu wa Kidato cha Sita ana miaka 13, kwa hiyo anatosha. Wa Kidato cha Nne ana 11, na wakala anayempokea fedha zake kwa ahadi ya kumwingiza chuo kikuu moja kwa moja anamdanganya. Majina nayo huwakwamisha wengi: Mwanahamisi kwenye cheti cha kuzaliwa huwa Mwanahamis kwenye cheti cha NECTA, na pasipoti inakuja na tahajia ya tatu. Hilo hurekebishwa hapa hapa nyumbani, tena linachukua muda. Tukumbuke pia kwamba masomo huanza Septemba au Oktoba, ilhali vyuo vingi hufunga maombi ya wageni miezi kadhaa kabla, hivyo anayeahidiwa mwezi Agosti kwamba ataondoka mwezi unaofuata ana haki ya kutilia shaka.

Akishafika Italia, mwanafunzi anatakiwa kuomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 8 za kazi. Ombi hupelekwa kupitia posta likiwa na stempu ya serikali ya euro 16, ambayo hununuliwa kwenye maduka ya tumbaku. Gharama ya kujiunga kwa hiari na huduma ya afya ya taifa imepanda, na tangu mwaka 2024 mwanafunzi hulipa euro 700 kwa mwaka. Kufanya kazi kunaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki, kiasi ambacho hakiwezi kulipa kila kitu, hata akipata kazi mapema. Mitihani mingi ni ya mdomo mbele ya mwalimu, na alama ya kufaulu ni 18 kati ya 30.

Baridi nayo isidharauliwe kwa sababu ya neno "kusini", kwani Torino na Bologna huanguka theluji, na usiku wa Januari joto hushuka hadi karibu na sifuri. Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika mji wetu, Roma ina msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 1995, na Athens ilipata msikiti wake rasmi mwaka 2020 tu. Katika miji midogo watu husali kwenye kumbi za kawaida, na ni vizuri kuulizia mapema.

Nawaomba wakuu wa shule za sekondari za Tanga zenye Kidato cha Tano na cha Sita watenge mchana mmoja mwanzoni mwa mwaka, kabla ya mitihani ya Mei, wawaite waliosoma huko wazungumze na wanafunzi pamoja na wazazi. Italia na Hispania zina balozi zao Dar es Salaam, na masharti ya viza zao yanapatikana bila malipo. Gazeti lako nalo lingetusaidia kwa kuyachapisha kwa Kiswahili kila mwezi Januari, nami niko tayari kuyabandika kwenye mlango wa duka langu.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga