Barua kwa mwanangu: nani analipia mabango yako?

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika. Hapa nyumbani tu wazima, ila nyanya yako goti limerudia kufura kwa mvua hizi. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu hunikatiza. Juzi nilikuuliza jambo moja ukanijibu, "Mama, usijali," kisha ukahamia kwenye habari za mpira. Mimi nimejali, na usiku ule sikulala.

Nakuuliza tena, safari hii kwa maandishi: huyo mheshimiwa anayelipia mabango na fulana zako anataka nini kwako?

Kugombea uongozi wa wanafunzi huko chuoni sikukatazi. Niliposikia kwamba wenzako wa kitivo wamekuona unafaa, nilimpasha nyanya yako hata simu sijaikata, akapiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kilichonitia baridi ni lile neno lako la mwisho, kwamba gharama "zimeshughulikiwa". Mimi ni fundi wa kushona, fulana na uchapishaji wake naijua bei. Fulana za kitivo kizima, mabango ya rangi, gari lenye spika, chakula cha wapiga debe. Hizo si pesa za mtu kusema amekusaidia tu kwa kukupenda. Mtu akitoa pesa kama hizo ana hesabu yake kichwani, na hesabu hiyo wewe hujaonyeshwa.

Nilikuomba unieleze mnavyopiga kura huko, ukanieleza haraka haraka kama vile ni jambo dogo. Baadaye nilikaa nikalifikiri. Kumbe tangu sheria ya vyuo vikuu irekebishwe mwaka 2016, nyinyi wanafunzi hamumchagui mwenyekiti wenu moja kwa moja. Mnachagua wajumbe, na wajumbe ndio wanaoketi kuchagua viongozi. Ulisema ilifanywa hivyo kupunguza fujo na ukabila. Labda. Lakini hebu itazame kwa jicho la mwenye pesa. Zamani angetaka kukinunua chuo ingembidi ahonge maelfu ya wanafunzi. Leo anatafuta wajumbe wachache, anawapeleka mahali wakalale vizuri na kula vizuri siku mbili kabla ya kura, kazi imekwisha. Na wewe uliniambia kwa kinywa chako kwamba "mipango ya wajumbe iko sawa". Mipango gani, mwanangu? Ya nani?

Uchaguzi wa nchi ni Agosti 2027. Kila anayetaka kiti anatafuta vijana wenye watu nyuma yao, na kiongozi wa wanafunzi ana watu. Anayekulipia mabango leo atakuja mwaka wa 2027 kuomba umjazie uwanja, na pengine kukuomba mambo mabaya kuliko hayo, na hutakuwa na mdomo wa kumkatalia.

Mjomba wangu mkubwa, yule wa Changamwe, alikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1982 lilipotokea jaribio la mapinduzi tarehe 1 Agosti. Chuo kilifungwa zaidi ya mwaka mzima, wanafunzi wakarudishwa vijijini, naye akawa anakwenda kuripoti kwa chifu. Mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi wa chuo hicho, wakati huo, Titus Adungosi, alihukumiwa kifungo cha miaka kumi na akafia gerezani mwaka 1988. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1987, SONU yenyewe ilikuwa imepigwa marufuku. Mjomba hadi leo akilitaja jina la Adungosi hupunguza sauti, ingawa hakuna wa kumkamata tena. Wakubwa wa zama zile waliwaogopa viongozi wa wanafunzi kwa sababu hawakuwa wa mtu. Ndiyo maana waliwafunga. Sasa fikiria mwenyewe kwa nini wa leo hawana haja ya kuwafunga.

Usinielewe vibaya ukadhani nakutaka ukae kimya usome vitabu vyako urudi na cheti. Baba yako angependa hivyo, na ana sababu zake. Mimi sivyo. Ya maandamano ya Juni 2024 tulivyozozana mimi na wewe sirudii. Tarehe 25 watu waliuawa kwa risasi, na mzazi aliyemzuia mtoto wake siku ile simlaumu. Lakini kuna kitu kilinipendeza kwa wenzako wakati ule kuliko hata kule kuandamana: walikuwa wameusoma ule Mswada wa Fedha. Waliuchambua kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wakaueneza kwenye simu hadi sisi wa huku tukajua mkate utapanda kwa sababu gani. Rais alipokataa kuutia saini tarehe 26, mimi nilisema ni ile kusoma. Baba yako alisema ni ile hofu ya kuona watu ndani ya Bunge. Hatujakubaliana hadi leo.

Sasa nikupe habari ambayo huna, kwa sababu hukuwapo.

Mwezi wa nne tuliitwa tena kwenye kikao cha bajeti ya kaunti, pale pale chini ya mwembe wa shule. Watu walikuulizia. "Yule kijana wa mwaka ule yuko wapi?" Nikawaambia yuko chuo. Wakafurahi, lakini niliona na kukata tamaa usoni mwao. Kitabu cha bajeti kililetwa asubuhi ile ile, nakala mbili kwa watu wote wale, kinene kama msahafu, na chote kwa Kiingereza. Katiba, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii. Wewe ndiye uliyenisomea kifungu hicho. Shangazi yako alisimama akauliza, "Zahanati yetu iko ukurasa gani?" Ofisa akamjibu imo, iko chini ya maendeleo. Tukakipitisha kitabu mkono kwa mkono. Mzee mmoja akakishika juu chini, akakitazama kwa muda, akampa wa pembeni yake. Kisha ikaletwa karatasi ya kutia saini, tukatia saini, soda na mkate vikagawiwa, wakaondoka. Kwenye ripoti yao lazima imeandikwa kwamba wananchi walishirikishwa, na jina langu liko pale.

Lilinikera. Siku iliyofuata nikachukua daftari la vipimo vya wateja, nikachana karatasi ya katikati, nikaandika ombi la habari kama ulivyowahi kunifundisha: kifungu cha 35 cha Katiba, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Nikaandika kwa Kiswahili, maana sheria hiyo inaruhusu ombi la Kiingereza au la Kiswahili. Nikataka kujua zahanati yetu imetengewa nini. Nilipolipeleka, msichana wa mapokezi akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia sijatumwa. Akaniuliza tena, "Shirika gani?" Nikamwambia mimi ni mama ninayekaa hapa, na sheria inawapa siku 21. Hapo ndipo alipotoa muhuri.

Kabla siku hizo kwisha nilipigiwa simu niende nikachukue karatasi. Mwanangu, zahanati imetengewa pesa za ua na lango. Chumba cha kujifungulia ambacho kina mama wamekiomba kila kikao hakimo. Ua na lango! Wajawazito bado wanapakiwa kwenye bodaboda usiku kupelekwa hospitali ya mbali, na sisi tunajengewa lango.

Nakueleza haya ujue ninachokitafuta kwenye hiyo digrii yako. Kuna mtu aliyesoma uhasibu akakiandika kitabu kile kwa namna ambayo shangazi yako hatakielewa. Kuna aliyesoma sheria akajua kikao cha jina tu kinatosha kujaza fomu. Hao nao walikuwa na mama zao waliowapigia vigelegele, na wengine, si ajabu, walikuwa viongozi wa wanafunzi. Huko chuoni mtu hujifunza mambo mawili kwa pamoja. Darasani anasoma namna kaunti inavyopaswa kuendeshwa, na kwenye uchaguzi wa wanafunzi anajifunza namna mjumbe anavyonunuliwa. Nikimwangalia yule ofisa na soda zake, la pili ndilo lililomkaa. Ninachoogopa si kwamba utashindwa uchaguzi. Naogopa utashinda kwa pesa za mtu, halafu miaka kumi kutoka sasa uje kwenye mwembe huu ukiwa umekaa upande wa pili wa meza.

Tena wewe, ambaye mwaka jana ulijiandikia mwenyewe rufaa walipokuweka bendi ya 4 kwenye ule mpango wa kugawa karo kwa uwezo wa familia, sisi tutoe asilimia 30 ya karo kwa cherehani moja na mbuzi watatu. Uliposhinda yako hukukaa. Ulishinda siku nzima kwenye saiba ukiwajazia fomu watoto wa majirani, na wazazi wao hawakuwa na cha kukupa. Hakuna aliyekununulia fulana siku ile. Mama wa yule msichana anayesoma uuguzi bado akinipita njiani husimama. Ukitaka kugombea, gombea na hilo. Waambie wenzako, mimi nimewasaidia watu rufaa za bendi, nipeni kura niwasaidie na nyinyi.

Na kama kweli unataka kazi ya uongozi, ianze sasa hivi, hata kura haijapigwa. Kila mwanafunzi analipa ada ya chama cha wanafunzi, nimeiona kwenye karatasi ya karo. Umewahi kuona hesabu za pesa hizo? Zimekaguliwa na nani? Ziombe. Ile barua yangu ya karatasi ya daftari nikutumie uige ukitaka. Mkipata hesabu zibandikeni ukutani, kwa lugha ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataelewa. Na zako za kampeni pia zibandike: nani ametoa shilingi ngapi, na za nini. Kama huyo mheshimiwa atakubali jina lake lisomwe hapo na kila mtu, mimi nitanyamaza. Kama atasema lisiandikwe, basi umeshajibiwa.

Na usinijibu kwa habari za ile leso niliyogawiwa kwenye kampeni za uchaguzi wa 2022. Najua iko kabatini, na najua kwamba unajua.

Nyanya yako anasema nikukumbushe Mekatilili wa Menza hakwenda skuli, na mwaka 1913 aliwakusanya Wagiriama wakala kiapo wasiwape Waingereza kodi wala vijana wa kufanya kazi. Walimpeleka kifungoni Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Anasema hakuchapishiwa picha yake popote. Nimemwambia zama zimebadilika. Akanijibu waliobadilika ni watu. Nimeahidi nitakuandikia, na nimeandika.

Likizo iliyopita ulikaa hapa wiki tatu. Mzee wa mtaa alikuja mara mbili kukuomba umsaidie ile barua ya kamati ya maji, mara ya kwanza ulikuwa umelala, mara ya pili ulikuwa kwenye simu. Hakurudi tena. Yule mzee ndiye aliyekusimamia ulipokosa barua ya chifu ya msaada wa karo. Ukija Desemba uende kwake kwanza hata kabla ya kwenda ufukweni na wenzako.

Desemba hiyo hiyo ile karatasi ya zahanati tutaikalia pamoja. Makadirio ya mwaka ujao lazima yafike bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili, kwa hiyo tukiandika maoni ya chumba cha kujifungulia mwezi wa kwanza, tukayapeleka kwa maandishi yakapigwa muhuri, hawatasema hawakusikia. Mwite na yule msichana wa uuguzi, anajua vifaa vinavyohitajika kwenye chumba kama kile. Mimi sitaki tuandike "tunaomba msaada". Nataka tuandike vipimo na bei.

Paa la jikoni linavuja upande wa tangi. Makuti yamepanda bei na fundi anataka alipwe kabla, kwa hiyo mwezi huu nitakutumia pungufu. Sitaki usikie pungufu hiyo halafu ukimbilie kwa mheshimiwa. Ukikwama, niambie mimi. Nina sare za shule mbili za kumalizia, wenyewe watalipa wakija kuchukua.

Baba yako anakusalimu. Hakuniambia niandike, ila amepita hapa mara tatu akiuliza nimefika wapi.

Jambo la mwisho, na hili ni la haraka. Cheti cha kuzaliwa cha dada yako kimo kwenye ile bahasha yako ya mkopo, nimekitafuta nyumba nzima. Ametimiza miaka kumi na minane, na bila cheti hapati kitambulisho, na bila kitambulisho hajiandikishi kupiga kura. Kitume kwa basi la usiku, ukiweke ndani ya kitabu kisikunjike, kisha unitumie nambari ya gari na jina la dereva. Mimi nitakuwa stejini alfajiri.

Mamako