Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula

YAH: KUFUNGA MUHULA, NA MTOTO ANAYEOGOPA

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Habari za kazi na za nyumbani. Tumefunga muhula salama. Ripoti ya mwanao utaikuta kwenye begi lake, pamoja na tarehe ya kufungua shule. Alama zinajieleza; ninaandika kuhusu jambo ambalo ripoti haina nafasi yake.

Wiki ya mwisho wanafunzi walisoma insha zao mbele ya shule nzima. Msichana mmoja alisimama, karatasi ikimtetemeka mkononi. Sentensi yake ya kwanza haikusikika. Akanyamaza, akavuta pumzi, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaanza upya. Alisoma mpaka mwisho, na sauti ilitetemeka mpaka mwisho. Mwenzake alisoma bila wasiwasi wowote, tena vizuri sana. Lakini ukiniuliza nani alikuwa jasiri siku ile, namtaja yule wa kwanza.

Wazazi wengi, kwa nia njema kabisa, humwambia mtoto, "Usiogope." Hofu haitoki kwa kuamriwa. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga kemikali iitwayo adrenalini: moyo huenda mbio, mdomo hukauka, mikono hutetemeka. Mtoto hakuyachagua hayo. Akikatazwa kila mara kuogopa, atajifunza kuficha tu, na atajiona ana kasoro ambayo wenzake hawana.

Wala kukosa hofu si baraka. Yuko mwanamke wa Marekani ambaye watafiti humtaja kwa herufi S.M. tu. Maradhi yaliharibu sehemu ya ubongo wake iitwayo amigdala, na vitu vinavyotutisha sisi karibu havimtishi kabisa. Alipopelekwa penye nyoka, alitaka kuwashika hata wale aliokanywa kwamba ni hatari. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, walisema wahenga, na mama huyu alinyimwa hata woga huo. Siwatakii watoto wetu hali hiyo. Natamani waogope panapostahili, na wakishaogopa, bado waweze kufanya linalowapasa.

Hapo ndipo likizo inaweza kusaidia. Mtoto anapokwepa giza, maji, au kuzungumza na wageni, hupata nafuu papo hapo, na ni nafuu hiyo hiyo inayoikuza hofu yake. Akilikabili kidogo kidogo, mwili huzoea. Basi usimsukume majini ghafla. Muulize anaogopa nini hasa, msikilize amalize, kisha chagueni pamoja hatua ndogo anayoiweza leo. Akiithubutu, msifu kwa kuthubutu, hata kama mambo hayakwenda vizuri. Na nawasihi sana, asichekwe. Nimeona watoto wakirudi nyuma miezi kwa sababu ya kicheko cha ndugu zao.

Ila akikwambia anamwogopa mtu fulani, awe mkubwa au mwenzake, hilo si la kuzoeshwa. Mwamini kwanza, kisha ufuatilie. Kama linahusu shule, usisubiri tufungue: nitakuwa ofisini wiki yote ya kwanza ya likizo, asubuhi hadi mchana, na huhitaji miadi.

Wako katika malezi,

Mwalimu Mkuu